Ufunguo Unalala Wapi?

Flashi ilipopotea, jambo la kwanza nililofanya ni kujificha nyuma ya mgomba.

Sikuwa nimeiiba. Baba mkwe alikuwa anakuja kwa njia ya bandani, kofia mkononi, mwendo wa mtu aliyesahau kitu, na nyumbani kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani uso kwa uso. Wanyakyusa wengi wa siku hizi wameilegeza mila hiyo, hasa waliohamia mjini. Sisi hapa Ngana tumebaki nayo kwa sababu mzee ndivyo alivyo, nami niliolewa nikijua. Kwa miaka kumi na mmoja sijamtazama usoni, sijatamka jina lake, wala neno lolote la Kiswahili linalokaribiana na jina hilo. Ndiyo maana kile kisu kirefu cha kufyekea mimi nakiita kisu kirefu, hata darasani, na wanafunzi wangu wamezoea. Jina lenyewe siliandiki hapa pia, na msidhani ni kwa ajili ya usalama wa taarifa.

Mzee akapita. Nyuma yake akaja mwanangu wa darasa la tatu, ambaye ndiye simu yetu, mimi na babu yake.

"Mama, Babu anauliza kama ile flashi iko kwako."

"Mwambie haiko kwangu. Alienda nayo mjini jana."

Mtoto akakimbia, akarudi. "Babu anasema basi tumekwisha."

Niwaeleze kilichokuwamo. Mzee ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa kijijini. Fedha ziko katika sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo tatu wanazo watu watatu wa nyumba tatu, mmoja wao mama mkwe, na sanduku linalala nyumba ya nne. Mzee hashiki sanduku, anashika maandishi tu: nani kaweka hisa ngapi, nani kakopa kiasi gani, nani kaomba aongezewe muda na alitoa sababu gani. Hizo sababu ndizo moto wenyewe. Mtu anaandikiwa kwamba kakopa kumtibu mama yake, kumbe kijiji kizima kinajua mama yake ni mzima na pikipiki ni mpya.

Zamani yote hayo yalikuwa katika daftari kubwa lililofungwa kwa kitenge na kuwekwa ndani ya chungu cha Wakisi, vile vyungu vinavyotoka upande wa Matema. Halafu ukaja mwaka 2024. Bei ya kakao katika masoko ya dunia ikapanda mpaka tani moja ikapita dola 10,000, na huku Kyela watu waliozoea kukopa ada ya shule wakaanza kukopa ya kuezeka. Mvua nayo haikutuacha. Kyela mvua haina adabu, inaingia hata mahali ulipoweka chungu. Daftari likalowa, wino ukatembea, deni la mtu mmoja likahamia kwa jirani yake wa mstari wa chini.

Mume wangu, ambaye hajawahi kukutana na kitu kipya akakiacha dukani, akarudi kutoka Dar es Salaam na flashi mbili za kutumia kidole. Alisema amezipata zote mbili kwa shilingi elfu thelathini. Naomba mkumbuke bei hiyo.

Boksi lake lilikuwa zuri kuliko flashi. Liliandikwa kwa Kiingereza, na mume wangu akatutafsiria sebuleni kwa sauti ya mhubiri huku mzee akisikiliza kutoka barazani: usalama wa kiwango cha kijeshi, usimbaji wa AES wa biti 256, haidukuliki, hufunguka kwa alama ya kidole cha mwenyewe tu, haipitishi maji.

Mtoto akatumwa ndani. "Babu anauliza, huyo Aesi ni nani?"

Nikamwambia ni namna ya kuvuruga maandishi kwa hesabu yasisomeke bila ufunguo, na kwamba waliobuni ni Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Serikali ya Marekani iliitisha shindano mwaka 1997, ikaichagua ya kwao, na mwaka 2001 ikaifanya kuwa kipimo rasmi. Mtoto akaenda na alichokibeba.

"Babu anasema Wabelgiji walikuwa Kongo. Hapa kwetu walikuwa Wajerumani."

Kikao kikaishia hapo, flashi ikapitishwa.

Tabu ikaanza siku ya kusajili kidole. Mzee amepasua maganda ya kakao na kuvuna mpunga tangu utoto. Vidole vyake havina mistari, vina ramani ya makovu. Wakati ule wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, mwisho mwisho wa 2019, alijaribu vidole tisa mbele ya foleni nzima, na cha kumi, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ndicho kilichomtambulisha kuwa ni yeye. Flashi nayo ikafuata njia hiyohiyo. Pale unapowekwa mlango wa akiba, yaani neno la siri la kutumia kidole kikikataa, mzee akamwambia mume wangu aandike jina lake kamili na mwaka wa kuzaliwa. Kila mtu kuanzia hapa hadi mtoni Songwe angeweza kulikisia. Ni mimi peke yangu nisiyeweza kuliandika.

Na mwenye laptopu, mwenye kujua kuandika majedwali, ni mimi.

Basi kila Jumamosi tukawa na ibada yetu. Laptopu inawekwa mezani sebuleni, imewashwa, flashi imechomekwa. Mimi natoka kwa mlango wa jikoni. Mzee anaingia kwa mlango wa mbele, anabandika kidole chake cha mwisho, anabandika tena, anakipangusa kwenye suruali, anabandika. Taa ya kijani ikiwaka anakohoa mara mbili na kutoka. Mimi naingia kwa mlango wa jikoni naandika madeni. Nikimaliza nagonga sufuria. Miezi minne tuliishi hivyo, na niseme kweli, nilianza kuamini boksi. Kitu kinachosumbua kiasi hicho lazima kiwe salama.

Sasa kimepotea.

Siku iliyotangulia mzee alipanda bodaboda hadi Kyela mjini kuchapa muhtasari wa kikao kwenye steshenari. Alikumbuka kuichomeka, kuchapa karatasi mbili, kulipa. Hakukumbuka kuichomoa. Mume wangu akaenda huko mbio. Wakamtolea sahani ya plastiki ya flashi zilizosahauliwa na wateja, kumi na nne, nyingine na uzi, nyingine na jino la mtoto limefungwa pamoja nayo sijui kwa nini. Yetu haikuwamo. Na kwa sababu mume wangu hajui kuuliza kitu kwa sauti ya chini, hadi jua linazama habari ilikuwa imefika Ngana kabla yake: madeni ya kikundi yako mikononi mwa watu.

Usiku ule walikuja wanachama sita. Mwenyekiti akasimama barazani akauliza swali moja tu, na ndilo lililotufungia usingizi. Hakuuliza flashi iko wapi. Aliuliza: "Aliyeiokota anaweza kuisoma?"

Mume wangu akaleta boksi. Akasoma tena kiwango cha kijeshi. Sauti ya mhubiri ilikuwa imepungua.

"Jeshi la wapi?" akauliza mama mmoja.

Nikiwa jikoni nikaligeuza boksi lile la flashi ya pili, pacha wake, kulisoma kwa macho ya mtu mwenye shida. Jeshi halikutajwa. Aliyesema haidukuliki hakutajwa. Hakukuwa na jina la mtu yeyote aliyejaribu akashindwa. Biti 256 zilitajwa mara tatu, kama jina la bwana harusi kwenye kadi. Nikatuma ujumbe kwa shemeji, mdogo wake mume wangu, fundi wa simu na kompyuta Mwanjelwa, Mbeya. Akajibu: "Shem, msiiguse hiyo pacha. Nakuja."

Alifika Alhamisi na basi la mchana, begi lina nyaya tupu. Yeye na mimi tunataniana kama mila inavyotaka, kwa hiyo maneno ya kwanza yalikuwa kwamba nimenenepa kwa fedha za kikundi. Kisha akakaa mezani. Mzee akaletewa kiti barazani, dirisha likafunguliwa, mtoto akawekwa katikati. Mama mkwe akaingia na ungo wake wa mchele, akakaa sakafuni kuchambua, kama mtu asiyehusika.

Shemeji alichomeka pacha. Humo kulikuwa na vitu vya mume wangu, alivyofungia kwa kidole chake na neno la siri analolijua peke yake. Mume wangu akasimama nyuma ameshika kiuno, anajiamini. Shemeji akawasha programu moja ya bure ambayo kazi yake ni kusikiliza tu: kila kinachopita kati ya kompyuta na flashi, inakinukuu kwenye skrini. Kisha, mahali pa kuandika neno la siri, akaandika "ndizi".

Programu ya flashi ikajibu kwamba si sahihi.

"Mmeona," akasema mume wangu.

"Subiri." Shemeji akapandisha yale manukuu kwa kidole. Mistari ya herufi na namba zisizo na kichwa wala miguu, na katikati yake, wazi kama bango la barabarani, maneno yanayosomeka: neno la siri la mume wangu, lote, herufi kwa herufi.

Kimya. Ungo ukaacha kutikisika.

Nilielewa polepole, na nitaeleza polepole. Sisi tulidhani tunapoandika neno la siri, linaenda kwenye flashi, nayo inaamua. Kumbe mambo yalikuwa kinyume. Kompyuta ilikuwa inaiuliza flashi, "Neno la siri la kweli ni lipi?" na flashi inalitoa, bila kuuliza nani anauliza. Kompyuta inalishika mkononi, inalilinganisha na lile "ndizi", halafu inakwambia kwa upole kwamba umekosea. Ni sawa na mlinzi anayempa mwizi ufunguo amshikie wakati yeye anafikiria kama amruhusu.

Shemeji akasema hili si jipya. Mwaka 2019 kulikuwa na flashi iliyoitwa eyeDisk, iliyochangiwa fedha na watu mtandaoni, inayosoma mboni ya jicho, na tangazo lake lilisema haidukuliki. Wakaguzi wa kampuni ya Uingereza, Pen Test Partners, wakakuta kitu hichohicho: ukiandika neno la uongo, la kweli linapita kwenye waya likiwa uchi. Jicho lilikuwa pambo tu.

Mtoto akatoka, akarudi. "Babu anasema hizo ni za bei rahisi. Zingekuwa za bei kubwa na cheti?"

Hapo shemeji akavuta kiti karibu na dirisha ili mzee asikie mwenyewe. Akamweleza habari za mwanzo wa 2010. Kampuni kubwa tatu, Kingston, SanDisk na Verbatim, zilikuwa zinauza flashi za maofisini zenye AES ya biti 256 na cheti cha Marekani kiitwacho FIPS 140-2. AES ilikuwa ya kweli. Cheti kilikuwa cha kweli. Wajerumani wa kampuni ya SySS wakachunguza, wakakuta kazi ya kukagua neno la siri inafanywa na programu iliyoko kwenye kompyuta, na programu ikiridhika inaipelekea flashi ujumbe wa kuifungua. Ujumbe ulikuwa mmoja. Uleule, kwa kila flashi ya aina hiyo, neno lako la siri liwe lolote. Wakatengeneza kiprogramu kinachoupeleka ule ujumbe moja kwa moja, na milango yote ikafunguka. Kingston wakaziita zao zirudishwe; wenzao wakatoa marekebisho.

Kimya kirefu barazani. Halafu sauti ya mzee yenyewe, si ya mtoto, ikipita dirishani kuelekea kwa mwanawe: "Kama mizani."

Alikuwa amelielewa kuliko sisi sote. Kila mkulima wa kakao anaijua mizani yenye kibandiko cha Wakala wa Vipimo. Kibandiko si uongo. Mizani imepimwa kweli, jiwe la kilo moja ni kilo moja. Lakini kibandiko hakijapima mkono wa mnunuzi, wala goti lake chini ya gunia. Waliotoa cheti cha flashi walipima chipu ndani ya flashi. Goti lilikuwa kwenye kompyuta.

Mama mkwe akaweka ungo chini. Kwa miaka yote hiyo hajawahi kushika laptopu, na sidhani kama atashika. Akauliza, kama anavyouliza kila mwanachama mpya wa kikundi: "Ufunguo wenyewe unalala wapi?"

Shemeji akageuka akamtazama. "Humohumo ndani, Mama."

"Na sanduku?"

"Humohumo."

"Basi kufuli ni la nini?" Akarudi kwenye mchele wake.

Nimeyasoma mengi tangu siku ile kuhusu flashi za siri, usiku, watoto wakilala, na bado sijapata swali lililo juu ya hilo. Biti 256 maana yake ni kwamba funguo zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 78. Hakuna atakayezijaribu zote, mbele ya safari wala nyuma. Ndiyo maana hakuna anayehangaika nazo. Watu wanatafuta ufunguo ulipolala. Kama unazaliwa upya kutoka kwenye neno unalolijua wewe kila unapoliandika, mwizi amebaki na sanduku tu. Kama umelala ndani ya flashi, umefunikwa na kidole au jicho au vitufe vya rangi, basi suala si hesabu tena, ni nani ana kiprogramu na subira. Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha huko Ufaransa, aliandika tangu 1883 kwamba mtambo wa siri uwe salama hata ukianguka mikononi mwa adui, siri pekee iwe ufunguo. Boksi letu lilifanya kinyume: lilificha mtambo, likagawa ufunguo.

Na zile ahadi nyingine nazo ni za kujaribiwa. Wajerumani walewale, mwaka 2022, walichukua kifaa cha Verbatim chenye vitufe, ambacho maelezo yake yalisema kinajifunga baada ya makosa 20. Wakakosea zaidi ya hapo. Hakikujifunga.

Sijasema kuhusu bei.

Shemeji, kwa kuwa neno la siri lilikuwa pale, alifungua pacha ili kuthibitisha. Ndani kulikuwa na picha tatu za pikipiki, barua ya kuomba uhamisho ambayo haijawahi kutumwa, na picha ya risiti. Flashi mbili. Shilingi elfu tisini. Kila moja.

Mume wangu akakumbuka kwamba ng'ombe hajafungwa. Hatuna ng'ombe.

Ijumaa na Jumamosi zilipita tukiwa tunaishi kama watu waliofiwa nusu. Mzee alikuwa akienda bandani na kurudi bila kazi. Lakini kuna jambo likaanza kutokea ambalo hakuna boksi lililoliahidi. Ijumaa jioni alikuja mtu mmoja, mwenye deni la miezi saba, akalipa lote. Hakukaa hata kunywa chai. Jumamosi asubuhi wakaja wawili. Mmoja alimnong'oneza mama mkwe kwamba ile sababu iliyoandikwa kwenye jina lake ingefaa ifutwe kabla haijasomwa na wasiohusika. Mchana akaja wa nne, yule wa mama mgonjwa, na pikipiki yake aliiacha mbali.

Jumatatu ilikuwa siku ya kufungua sanduku la kakao. Kwetu mbegu mbichi zinawekwa kwenye sanduku la mbao, zinafunikwa majani ya mgomba, zinachacha karibu siku sita, zinageuzwa katikati, kisha zinaanikwa. Ukitia mkono ndani unakuta joto la homa, na harufu ya siki inakupanda hadi kwenye macho. Mwanangu alikuwa anamsaidia babu yake kuzitoa kwa ndoo. Nikasikia kelele kutoka bandani.

"Babu! Kakao imezaa flashi!"

Ilikuwa imetoka mfukoni mwa shati Jumanne, siku ileile ya safari, mzee alipoinama kupakia kakao mbichi baada ya kurudi kutoka mjini. Steshenari ilikuwa haina kosa lolote. Flashi ilikuwa ya rangi ya udongo, inanata, inanuka kama pombe iliyosahauliwa. Shemeji, ambaye alikuwa bado hajarudi Mbeya kwa sababu ya mbasa wa kukaanga wa mama yake, akaiosha kwa maji safi, akaianika kwenye dirisha siku nzima, akaichomeka.

Ikawaka. Haipitishi maji: katika maneno yote ya lile boksi, lililoandikwa kwa herufi ndogo kuliko yote ndilo lililosimama.

Kidole ilikikataa, cha mzee na cha kila mtu. Shemeji akaandika "ndizi", jina la mzee likajitokeza kwenye skrini, mimi nikageuka ukutani, na madeni yakafunguka, mstari kwa mstari, hakuna hata moja lililohama.

Mume wangu akataka kupiga simu kwa mwenyekiti palepale. Mzee akakohoa barazani. Mtoto akaenda, akakaa sana, akarudi akiwa na ujumbe ambao ni wazi alirudishiwa mara mbili ili aushike vizuri: "Babu anasema, flashi haijapatikana mpaka Jumapili baada ya ibada. Bado wamebaki watu watano."

Mama mkwe alicheka hadi akashika ukuta. Wanne kati ya watano walilipa. Wa tano ni ndugu yake mwenyewe mzee, ambaye hata ukiyachapa madeni yake gazetini atauliza kama wameandika jina vizuri.

Flashi ya kidole tulimpa mtoto aweke katuni. Badala yake shemeji alinunua flashi ya kawaida kabisa, isiyodai chochote, na ndani yake akatengeneza chombo kwa programu iitwayo VeraCrypt. Ni ya bure, mtu yeyote anaweza kusoma namna ilivyoandikwa. Mwaka 2016 wakaguzi wa nje waliikagua, wakakuta makosa, wakayatangaza kwa orodha, na mengi yakarekebishwa. Mzee hilo lilimpendeza kuliko cheti. Alisema mtu anayekuonyesha gunia lake lilipotoboka anaweza kuaminiwa na kilo. Kosa la VeraCrypt ni kwamba steshenari haitaifungua, kwa hiyo karatasi za kikao tunazichapa kutoka flashi nyingine isiyo na siri. Na ukisahau neno la siri, hakuna wa kumlilia. Shemeji alimweleza mzee habari za Stefan Thomas wa San Francisco, ambaye bitcoin zake 7,002 zimefungiwa ndani ya flashi ya IronKey inayoruhusu majaribio kumi tu, na mwaka 2021 alikuwa amebakiwa na mawili. Mwaka 2023 kampuni moja ya Marekani ikatangaza imepata njia ya kupita hesabu ya yale majaribio. Mzee akauliza bitcoin 7,002 ni magunia mangapi ya kakao, na hesabu hiyo ilituchukua jioni nzima.

Neno la siri, kwa amri ya mama mkwe, limekuwa la kufuli tatu. Ni sentensi ndefu ya Kinyakyusa iliyokatwa vipande vitatu: cha kwanza anakijua yeye, cha pili mimi, cha tatu mzee. Nakala za vipande ziko kwenye bahasha tatu, nyumba tatu. Nyumba ya nne ndiko flashi inakolala.

Jumamosi ya kwanza tulifanya hivi. Mama mkwe alimnong'oneza mwanangu kipande chake, mtoto akakiandika, kisha akaapishwa asahau. Nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikaandika changu, nikatoka, nikagonga sufuria. Mzee akaingia kwa mlango wa mbele. Nikiwa nyuma ya mgomba nilisikia vitufe vikilia kimoja kimoja, kama mtu anayepanda mahindi: tak. Kimya. Tak. Mvua ikaanza. Tak. Wali wangu jikoni ukaanza kunuka kuungua, na siwezi kuingia.

Hatimaye akakohoa mara mbili. Kisha mara ya tatu, kikohozi kingine.

Mtoto akaja akiwa amejifunika jani la mgomba.

"Mama, imeandika si sahihi."

"Kipande cha nani?"

"Haijasema. Bibi anasema ni cha Babu. Babu anauliza kama ni chako."